Motria na Kipimo cha Mjukuu

Ukitaka kumjua mtu mbishi kuliko wote hapa Verbova Rudnia, usisumbuke kuuliza nyumba kwa nyumba. Nenda moja kwa moja kwa Motria. Mimi ni jirani yake mwaka wa ishirini na tatu sasa. Tumegombania kuku, tumegombania ua, tumegombania hata nani alianza kumnunia mwenzake, na bado nikiamka asubuhi jambo la kwanza nachungulia kama bomba la jiko lake linatoa moshi. Moshi ukitoka najua yu hai, basi naendelea na hasira zangu.

Mimi naitwa Nila, na kazi yangu ni kupima. Nina chumba kimoja nyuma ya zahanati na mashine moja nzito, imevishwa madini ya risasi pande zote. Mwenye kutaka kujua kama maziwa yake au viazi vyake vina mionzi ananiletea kidogo, napima, nampa karatasi. Karatasi ikisema safi, anakwenda zake bila hata ahsante. Ikisema chafu, natukanwa mimi, utadhani kile kinu cha nyuklia nilikilipua mimi.

Motria hakuzaliwa hapa. Kwao ni kijiji kilichokuwa kilometa kumi na nne kutoka kwenye kinu chenyewe. Alikuwa mkamuaji katika shamba la ushirika, ana ng'ombe wake kumi na wanane, na majina yao yote anayataja mpaka leo bila kukosea. Kinu kilipolipuka, mwaka themanini na sita, alikuwa anapanda viazi. Wiki moja baadaye wakaambiwa wapande mabasi, wachukue vya siku tatu tu. Wenzake walibeba nguo na picha. Yeye alikuwa ameshakanda unga wa mikate, akaona dhambi kuutupa, akapanda basi na beseni mapajani. Njiani unga ukaumuka, ukafurika, ukamshukia askari aliyekaa pembeni yake. Mpaka leo akisimulia hapo anacheka mpaka anajifuta macho, halafu ghafla ananyamaza, na wewe unajua unyamaze pia.

Kile kijiji chao baadaye kilizikwa. Mashine zilichimba mashimo, zikasukumia nyumba ndani moja baada ya nyingine. Makaburi hayakuguswa. Kila mwaka baada ya Pasaka wanaruhusiwa kuingia siku moja kuwatembelea marehemu wao, na Motria hakosi. "Nyumba yangu iko chini ya ardhi na mama yangu yuko juu ananisubiri na msalaba wake," huwa ananiambia. "Ulishaona wapi mambo kama haya, Nila?"

Mumewe, Panas, majira yale ya joto aliendesha lori la kupeleka mchanga kwenye kinu. Akafa mwaka tisini na nane, madaktari wakaandika moyo. Motria hakukubali. "Moyo wa Panas ulikuwa mzima. Nimelalia kifua chake miaka ishirini na mitano, nitashindwa kuujua?" Hakuna aliyebishana naye. Katika kijiji chetu kila nyumba ina mtu wake wa namna hiyo na karatasi yake ya namna hiyo.

Wakabaki yeye na mwanawe Hrinko. Hrinko alikuja kuoa, yuko Poland anajenga nyumba za watu. Mkewe Zhanna anashona nguo Kyiv, kwenye karakana, kwa zamu, na chumba anacholala wanalala wanawake wanne. Mtoto wao Yustina alilelewa na bibi yake tangu ana miaka mitatu. Wakati ninaousimulia, vuli ya mwaka elfu mbili na tisa, alikuwa na saba, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, mapengo mawili mbele, na mdomo ule ule wa bibi yake. Nikimwambia "shikamoo huamkii?" ananijibu, "Nimekuamkia jana, Bibi Nila."

Kumlea mtoto kwetu huku si mchezo. Msitu unaanza pale nyuma ya mabanda, umejaa uyoga na matunda meusi matamu, na ndio wenye sumu kuliko kitu chochote, kwa sababu ile sumu ya kinu imelala kwenye majani ya msituni haitaki kuondoka. Motria alikuwa mkali kama askari wa mpakani. Mtoto haonji uyoga. Haonji tunda la msituni. Hata uyoga ukiwa jikoni anamfukuza nje. Viazi vya bustanini, mayai ya nyumbani, na maziwa ya Markiza, mbuzi wao mweupe mwenye kiburi, ambayo mimi mwenyewe niliyapima mwezi wa sita. Yalisoma ishirini na sita, na mpaka wa maziwa ni mia. Nikaandika safi, nikapiga na muhuri.

Sasa kila Oktoba huja basi jeupe la wapimaji, linaegesha uwanja wa shule. Ndani mna kiti kikubwa chenye mgongo mnene. Mtoto anakaa dakika tatu bila kutikisika, na kiti kinasoma sumu kiasi gani imeingia mwilini mwake kupitia chakula. Namba ikiwa ishirini au chini, daktari anampa peremende. Ikipita sabini, anamwita mzazi. Mwaka mmoja nyuma Yustina alipata kumi na tisa, akala peremende yake mlangoni huku akiwaringia wenzake.

Safari hii kiti kilisoma mia na sitini.

Daktari akamtoa, akamnawisha mikono na uso, akambadilisha nguo, akamkalisha tena. Mia na hamsini na nane. Motria akaitwa. Nilikuwepo, nimekwenda kuchukua fomu zangu, nikaona uso ukimshuka.

"Bibi, unamlisha nini mtoto huyu?" daktari akauliza.

"Chakula!" Motria akamjia juu. "Nimlishe nini, misumari?"

"Uyoga anakula?"

"Hajaonja! Apigwe na radi anayesema ameonja! Nila, si uko hapo? Sema!"

Nikasema. Ni kweli hakuonja, mimi ni shahidi. Daktari akatikisa kichwa, akasema kuna kitu, na kitu hicho kinaingia kila siku, na kisipopatikana namba ya mtoto itaendelea kupanda. Halafu akampigia simu Zhanna, kwa sababu sheria inataka mama aambiwe.

Jioni Zhanna akampigia mama mkwe wake. Sikuhitaji kusikiliza, sauti ilitoka kwenye simu ikajaa jikoni nzima. "Mama, Jumapili ijayo nakuja kumchukua. Na nakuambia kabisa, harudi tena huko. Hata likizo. Hata Krismasi. Mimi sikuzaa mtoto aje kuwaka gizani."

"Zhanna, mwanangu, utamweka wapi? Kitanda chenyewe unalala kwa zamu..."

"Nitalala naye sakafuni!"

Simu ikakatika. Motria akabaki ameishika. Kisha akanigeukia mimi, maana nani mwingine alikuwa karibu.

"Karatasi zako hizo! Safi, safi, safi! Muhuri juu! Umeniulia mtoto na muhuri wako!"

"Ebo! Mimi ndiye ninayepika kwako?"

"Toka nyumbani kwangu!"

Nikatoka. Asubuhi yake, kabla sijafungua kufuli la chumba changu, nikamkuta amesimama pale na kikapu. Viazi, kabichi, mayai, karoti, maji ya kisima, matufaa makavu, hata asali ya padri. Hakunisalimu. "Pima," akasema.

Tukapima siku tatu. Nakwambia tulipima kila kilichoingia mdomoni mwa mtoto yule, hadi dawa ya meno. Safi. Safi. Safi. Kila nikimwambia safi, badala ya kufurahi anazidi kunyong'onyea, kwa sababu Jumapili inakuja na mwizi hajapatikana.

Utauliza, na maziwa je? Na mimi najiuliza mpaka leo. Niliyataja siku ya kwanza, Motria akasema, "Maziwa ulishapima, muhuri wako huo hapo ukutani." Nami, mjinga wa mwisho, nikanyamaza. Nilikuwa naogopa kuyapima. Nasema wazi. Kama yangetoka machafu, basi ni mimi niliyemwandikia bibi yule amnyweshe mjukuu wake.

Siku ya nne sikuweza kula. Nikapitia bandani kwake asubuhi wakati yuko kisimani, nikamkamua Markiza mwenyewe, akanipiga teke la goti, nikaenda kupima. Mia nne na kumi na mbili. Nikaosha chombo, nikapima tena. Mia nne na tisa. Nikakaa chini. Toka ishirini na sita hadi mia nne! Nyasi zile zile, nilizipima kwa mkono wangu. Banda lile lile. Mbuzi yule yule mkorofi.

Nikaenda kwake mbio mbio. Alikuwa jikoni anachemsha uyoga, wake yeye mwenyewe. Watu wa kwetu huwezi kuwaambia waache uyoga, bora uwaambie waache kupumua. Miaka mingi nyuma nilichoka kubishana nao, nikachora tangazo kubwa, nikalibandika zahanati: chemsha uyoga kwa maji ya chumvi mara tatu, kila mara mwaga maji, maana sumu inahamia kwenye maji. Motria alikuwa analifuata tangazo langu kuliko anavyofuata sala.

"Maziwa ni machafu," nikamwambia nikihema. "Mia nne! Mbuzi wako anakula nini?"

"Anakula nyasi! Anakula pumba! Mbuzi anakula nini, soseji? Usinitie wazimu, Nila, mashine yako imekufa, hata wewe mwenyewe ulisema mwezi wa sita..." Huku ananitolea maneno, mikono inaendelea na kazi yake. Akaipua sufuria, akachuja uyoga, akavuta ndoo ya mbuzi yenye pumba, akamimina humo yale maji ya moto, yote, mpaka tone la mwisho, akakoroga kwa mti.

Macho yangu yakabaki kwenye ndoo.

"Mbona umeninyamazia? Umeumwa na nyigu?"

"Motria. Hayo maji unampa tangu lini?"

"Tangu uyoga uanze. Agosti. Huyu asipopata chumvi anatafuna ua wote. Maji mazuri ya chumvi, niyamwage tu..." Hakumaliza. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akaitazama ndoo tena. Ule mti wa kukorogea akauweka mezani polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mara tatu nachemsha," akasema. "Mara tatu nampa."

"Hukujua."

"Ni mimi, Nila. Mkono huu. Kila asubuhi na kikombe chake cha maua, kunywa mama, kunywa yote upate nguvu."

Hapo nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma na mimi mwenyewe, maana tangazo ni langu na muhuri ni wangu. Nikamwambia, "Sikiliza. Tutasema ni nyasi. Tutasema kuna mtu alituuzia nyasi za msituni. Maziwa tunayaacha leo, mtoto anashuka, Zhanna hasira zinaisha. Nani atajua?"

Akaniangalia kana kwamba nimeongea Kichina.

"Akiuliza hizo nyasi zimetoka kwa nani, nimtaje nani? Yule mlemavu Ostap anayetuuzia nyasi? Nimwambie mama wa mtoto uongo juu ya damu ya mtoto wake, halafu nimwombe aniamini aniachie? Tumedanganywa sana sisi, Nila. Siku tatu, walituambia. Siku tatu!" Akavua aproni, akaenda dirishani, pale pekee simu inaposhika, akapiga.

"Zhanna, ni mimi. Usiongee, nisikilize. Nimekipata. Ni maziwa. Maji ya uyoga nilikuwa nampa mbuzi, na mbuzi akampa mtoto. Hakuna mwingine. Si mashine, si Nila, si serikali. Ni mimi nimefanya."

Kisha nikasikia sauti ya Zhanna, safari hii ndogo kabisa. "Nakuja Jumapili, mama."

Akaja. Hakula, hakuvua hata koti. Yustina aling'ang'ania mwimo wa mlango, analia, "Bibi, nimefanya nini? Bibi, nimefanya nini?" mpaka Motria mwenyewe akambandua vidole, kimoja kimoja. Daktari alishatuambia kwamba ile sumu haikai milele, mwili wa mtoto unaitoa, mwezi hivi inapungua nusu, mwezi mwingine nusu ya nusu, ili mradi mdomo usiingize nyingine. Nilimkumbusha Motria jambo hilo wakati basi lao linaondoka. Hakunisikia.

Ungedhani atajifungia ndani. Thubutu! Kesho yake asubuhi akachukua ile ndoo ya mbuzi, akaanza kuzunguka kijiji, mlango kwa mlango, mimi nyuma yake na vichupa vyangu. Mbele ya kila mwanamke anaweka ndoo chini na kusema, "Mimi Motria nimemlisha mjukuu wangu sumu, na niliichanganyia humu. Haya, niambie, maji ya uyoga wewe unamwaga wapi?" Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia hadharani kwamba mchawi hujitangaza. Akameza, akaenda mlango wa pili. Katika nyumba arobaini na moja tukazikuta tatu zinazowapa mifugo maji yale, na moja ya hizo tatu ina mtoto mchanga wa miezi kumi anayenyweshwa maziwa ya ng'ombe. Niliyapima siku hiyo hiyo. Sitaki hata kuitaja namba. Lile tangazo nikalibandua, nikachora jipya.

Markiza alirudishiwa pumba kavu na jiwe la chumvi la dukani. Kila Jumatatu nikampima. Mia na tisini. Themanini. Thelathini na nne. Ishirini. Maziwa yote ya majuma yale Motria aliyamwaga kwenye shimo la choo, na yalipokuwa safi tayari aliendelea kuyamwaga. "Safi hiyo ni ya nani?" alinijibu nilipomgombeza. "Mnywaji yuko wapi?" Krismasi aliweka sahani tatu, ya Hrinko aliyekuja, yake na yangu. Zhanna hakuja. Hrinko alisema mkewe hana nafasi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilikuwa nampiga kelele ale. Nilikuwa nampelekea supu, naye ananiambia haina chumvi, na mimi nafurahi kusikia anakosoa. Januari yote hakuuliza kuhusu kipimo. Zhanna alisema mtoto atapimwa Kyiv mwezi wa pili, halafu ataamua. Hakusema ataamua nini.

Jumamosi ya pili ya Februari, saa sita mchana, theluji imefika magotini, nilikuwa kwa Motria tunabishana juu ya kuku wangu. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Zhanna. Nyuma yake Yustina, amerefuka, pengo moja limeota jino.

Motria hakuinuka. Nadhani hakuweza. Zhanna akatoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani mbele yake. Miwani ilikuwa mbali, akanisukumia mimi. "Soma wewe," akasema, na sauti yake sikuijua.

"Ishirini na moja," nikasoma. Nikasoma tena ili nijisikie. "Motria, ishirini na moja! Ametoka mia na sitini!"

"Na tezi ya shingo?"

"Tezi nzima. Damu nzuri. Imeandikwa hapa, tazama, muhuri sio wangu!"

Akajishika kifua kwa mikono miwili. Nilimsikia akishusha pumzi ambayo nahisi alikuwa ameishikilia tangu Oktoba. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinanitoka, sijali.

"Kuna kingine, mama," Zhanna akasema. Akatoka nje. Akarudi anaburuta begi kubwa, na juu yake begi la shule, na godoro dogo limefungwa kamba. Akavitua katikati ya jiko, theluji na yote.

Motria akaviangalia. "Ni nini hivi?"

"Vitu vyake."

"Lakini ulisema..."

"Najua nilisema nini." Zhanna alikuwa mwekundu, anavuta kidole kimoja kimoja cha glovu. "Tangu nizaliwe, mama, watu wananiambia ni upepo, ni mvua, ni kinu, ni wakubwa. Baba yangu alikufa, hakuna aliyefanya. Dada yangu alipasuliwa tezi, ana kovu hapa shingoni, hakuna aliyefanya. Wewe peke yako ndiye umenipigia simu ukasema, 'Ni mimi nimefanya.' Sasa nimwache kwa nani mwingine?"

Yustina alikuwa ameshaanza kufungua kabati.

"Basi vua viatu," Motria akamwambia mkwe wake. "Unanilowanishia sakafu."

Akasema hivyo, kisha akaegemeza kichwa mezani, juu ya ile karatasi, akalia kwa sauti kubwa mbele yetu sote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.